Hyasinta na Kipande cha Mwisho

Hyasinta ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa Butiama, ila mimi nilikuwaga namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu. Wivu wa yule mtoto ungechoma tanuru zima la matofali bila kuni. Majirani wa Nyasho walikuwa wanakuja kwangu asubuhi kuota moto, na si wa jikoni.

Alikuwa kidato cha sita hapa Musoma, akisoma Kiingereza ili aende Mlimani, chuo kikuu. Mwaka ule sabuni ilipotea madukani, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Darasani akakalishwa dawati moja na Dorkas, aliyekuwa anaishi kwa shangazi yake Kigera. Baba yake Dorkas alikuwa msimamizi wa duka la ushirika kule Bunda, kwa hiyo binti alinukia sabuni wiki nzima.

"Akikosea kusoma, Bibi, mwalimu anatabasamu," Hyasinta aliniambia. "Mimi nikipatia, naambiwa kaa chini."

Kitabu cha hadithi cha mtihani kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Mwalimu Danford akakipasua vipande kwa wembe, kila kipande akakishonea jalada la mfuko wa saruji, wanafunzi wakawa wanapokezana. Mtihani ukakaribia. Kipande cha katikati kikawa kwa Hyasinta, cha mwisho kwa Dorkas, na hakuna aliyetaka kumwomba mwenzake.

"Si umwombe?"

"Nimwombe Dorkas? Bora nifeli."

"Ukifeli utarudi Butiama kulima mtama."

"Nitalima."

Alisema hivyo machozi yanamlengalenga. Basi nikajitanda khanga, nikaenda Kigera. Nikamkuta Dorkas anafua, povu limefurika beseni mpaka kuku wanaliogelea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu. Nimepita kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kukosa kipande cha katikati. Hyasinta kanisimulia, nimecheka mpaka kitanda kimevunjika mguu. Yule mwanamke kamfungia mume wake kwenye ghala la pamba, akamweka kiboko mlangoni alinde."

"Kiboko?"

"Mkubwa kama kanisa. Na Hyasinta anasema swali la mtihani litatoka hapo hapo."

"Mwalimu hajawahi kutaja kiboko."

"Sasa amtaje kwa nini, na kipande kampa Hyasinta?"

Dorkas akaacha kufua. Mimi nimeishi nyumba ya wake watatu. Uso wa namna ile naujua hata gizani. Nikaaga, nikaondoka taratibu.

Sijafika mbali akanipita mbio, mikono imelowa, kipande cha mwisho kimebanwa kwapani. Nilipofika nyumbani walikuwa wamesimama uani, wanatazamana kama majogoo.

"Toa hicho chenye kiboko," Dorkas alikuwa anasema.

"Kiboko gani? Toa wewe hicho cha mwisho, kwanza."

Wakageuka wote wawili kunitazama. Mimi nikainamia sufuria, nikakoroga uji.

Hyasinta akaketi mkekani, akaanza kusoma kwa sauti, anataka mwenzake asikie Kiingereza kinavyosomwa. Dorkas akaketi pia, akapokea palipoishia, naye akapandisha sauti zaidi. Walishindana hivyo mpaka mmoja akacheka. Na wa pili akacheka. Wakaegemeana, wanafuta machozi.

"Imekuwaje?" nikauliza.

"Subiri kidogo, Bibi."

Nikasubiri. Wakacheka tena.

"Mume katoka ghalani?"

"Kwa Kiswahili haichekeshi, Bibi," Hyasinta akasema, hata hakuinua macho.

Aliniambia hivyo mimi, ambaye Nyasho nzima huacha ugali ukapoa ikinisikiliza. Nilimchukia huyo Mzungu aliyeandika kile kitabu, popote alipo, na nikawachukia na wale wawili waliobanana kwenye mkeka wangu kama mapacha.

Walifaulu wote, wakaenda Mlimani pamoja. Hyasinta akija likizo ni Dorkas kasema hivi, Dorkas kacheka vile. Mimi nasonya, nageukia ukutani, mpaka anyamaze.