Ukuta Mweupe wa Mumosho

Nyumbani kwetu Bukavu kila mtu alikuwa na mkono wa sanaa. Baba alichora watakatifu kwenye kuta za makanisa, kuanzia mjini hadi Walungu. Mama alitarizi kanzu za mapadri. Kaka yangu alichonga mbao. Mimi nilikwenda Kinshasa kusomea usanifu wa majengo, nikarudi na mapenzi ya kuta tupu. Nilipomwonyesha baba mchoro wangu wa kwanza, aliugeuza huku na huku, kisha akauliza, "Na picha itakaa wapi?" Nikamjibu kwamba jengo lenyewe ndilo picha. Alirudi kuosha brashi zake.

Miaka michache baadaye parokia moja ya upande wa Mumosho ilinipa kazi ya kujenga kanisa dogo. Nilichora matofali ya kuchoma, paa bapa la zege, na nyuma ya altare ukuta mmoja mweupe usio na kitu. Juu yake niliacha mwanya mwembamba wa kuteremsha mwanga wa asubuhi. Wanawake wa pale walipandisha mchanga kutoka mtoni Ruzizi, vikapu mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Mafundi walinicheka waziwazi.

"Architecte, hii iko kanisa ao depo?"

Niliwaambia si ghala, wangoje. Siku ya kubarikiwa, mwanga ulishuka pale pale nilipopiga hesabu ungeshuka, na watu wakainua nyuso kuutazama. Nakiri nilijivuna.

Mvua za Septemba zilipoanza, paa likavuja. Nililiziba kwa lami mara mbili, likavuja tena, na ukuta ukajaa michirizi ya kahawia. Padri, mtu mpole, hakunilaumu. Bila kuniuliza alimwita baba aje kuchora Bikira Maria mkubwa wa kufunika yale madoa.

Nilipofika nilimkuta baba amesimama mbele ya ukuta, ngazi imeegemezwa tayari.

"Papa," nikamwambia, "ukichora hapa, mimi sina kazi tena."

Aligusa ukuta, akanusa kidole, akamgeukia padri. "Padri, hii ukuta iko mugonjwa sababu ya paa. Hauwezi kumuvalisha mugonjwa nguo mupya, useme amepona." Kisha akanitazama mimi. "Weka mabati ya kuteremuka. Mvua ya hii milima haina heshima."

Niliweka mabati. Niliyachora mara nne nikitafuta namna ya kuyaficha, na hata leo ukisimama barabarani unayaona. Ukuta ulikauka, ukapakwa chokaa upya. Padri bado alimtaka Bikira Maria wake, lakini baba alikataa.

"Hii ukuta iko ya binti yangu. Munipatie kile chumba munavaliamo."

Alimaanisha sakristia, chumba nilichokuwa nimekichora kwa nusu saa bila kukifikiria. Baba alifanya kazi humo kiangazi chote. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, na alichora akiwa ameukaribia ukuta hadi rangi ikamganda puani. Mimi alinikataza kuingia.

Alipotufungulia mlango, hapakuwa na mtakatifu hata mmoja. Kuta tatu zilikuwa zimejaa wanawake wanaopanda mlima kwa mstari, wameinama chini ya vikapu vya mchanga. Wenyewe waliitwa kuja kuona. Walisukumana mlangoni, wakatafutana ukutani kwa vidole. Mmoja alijiona, akakunja uso.

"Papa, sababu gani umenipatia miguu mukubwa hivi?"

"Maman, ulikuwa unabeba muzigo nzito. Ningekupatia miguu kidogo, ungeanguka."

Yule mama alicheka hadi akajishika kiuno. Mama yangu, aliyekuwa amesimama pembeni, alisema ile ndiyo kazi bora ya mumewe. Mimi nilikagua kona za dari, nikaona hakuna unyevu.

Baba hakuchora tena kitu kikubwa, na sasa ni marehemu. Wanafunzi wa usanifu huja Mumosho mara kwa mara, nami huwasindikiza. Wanapiga picha za ukuta mweupe na mwanya wake, kisha mlinzi wa kanisa anawauliza kama wanataka kuona na kile chumba cha nyuma. Wakiingia huko hawatoki upesi. Mimi huwangojea nje.