Mahindi Yaliyorudi Ungoni

Mwaka wetu wa mwisho chuoni, mwalimu wa video alitaka kila kundi litengeneze video ya wimbo mmoja bila mwimbaji anayecheza, bila gari na bila ufuo wa bahari. Alitaka tujaribu kitu ambacho hatujawahi kukiona. Kundi letu lilikuwa la watu wawili, mimi na kijana wa Changamwe ambaye wazazi wake walitoka bara kuja kufanya kazi bandarini. Yeye alikuwa na wimbo alioutunga mwenyewe, juu ya mtu anayetamani jana irudi. Mimi nilikuwa na kamera ya kuazima na wazo.

Wazo lenyewe nililipenda kupita kiasi. Tungepiga picha za kazi za nyumbani, kisha tuzicheze kinyumenyume: moshi urudi mekoni, maji yapande mtungini, mahindi yaruke kutoka mchangani hadi ungoni. Wa kufanya kazi hizo angekuwa bibi yangu, mama yake baba, ambaye sisi Wagiriama humwita hawe.

Hawe alikuwa akiishi Mwakirunge na baba yangu mdogo, ng'ambo ya machimbo ya mawe. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ile. Nilipomchora kwenye daftari langu la mipango, picha moja baada ya nyingine, niliona uzuri mtupu. Mtu wa pale angeona jambo jingine, na mimi likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia pale. Sina kisingizio.

Jumamosi moja alasiri nilikwenda kufanya jaribio kwa simu. Hawe alisimama uani na ungo wake, akamwaga mahindi chini taratibu kama nilivyomwomba, huku akicheka kwamba kuku watashiba bure. Niliigeuza ile picha hapo hapo nikamwonyesha. Punje zikainuka kutoka mchangani, moja moja, kisha kwa wingi, zikaingia ungoni, naye amesimama kimya na nywele zile nyeupe.

Aliitazama mara tatu. Kicheko kikamwisha.

"Hii usimwonyeshe mtu," akasema.

"Mbona, Hawe? Ni ya shule tu."

"Nimekwambia usimwonyeshe mtu."

Nilidhani ni haya za kizee. Tena nilikuwa nimekwisha kumtumia mwenzangu ili tupange urefu wa kila picha. Yeye, kwa furaha, aliiweka mtandaoni watu waione. Hakuwa na nia mbaya. Bara walikotoka wazazi wake mvi ni mvi, na mimi sikumwonya.

Jumanne baba mdogo alinipigia nikiwa darasani. Hakunisalimu.

"Umemfanya nini mama?"

Ile picha ilikuwa imefika Mwakirunge, haina wimbo, haina maelezo yoyote ya chuo. Mtu alikuwa ameandika chini yake: huyu ni bibi wa nani anayeita mahindi kutoka ardhini? Ilikuwa inazunguka kwenye simu za kijiji kizima.

Nilitoka darasani mbio. Kwetu pwani, na hasa huku ndani, mzee mwenye mvi na macho mekundu hahitaji kosa jingine ili aitwe mchawi. Nimekua nikisikia habari za wazee waliokatwa mapanga katika mashamba yao wenyewe. Wengi wao, ukiuliza vizuri, walikuwa na shamba ambalo mtu alilitaka.

Nilifika saa sita mchana. Penye duka nilisalimia, na wanawake wawili wanaonijua tangu mdogo wakageukia viazi vyao kama hawakusikia. Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona mchana. Baba mdogo alifungua nusu, akanivuta ndani. Siku hiyo hakwenda machimboni.

"Asubuhi walikuja vijana watatu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wakaomba maji. Nikawapa. Wakasimama wakamtazama mama, halafu wakaweka vikombe chini, wakaondoka. Hata mmoja hakunywa."

Hawe alikuwa ameketi kitandani, kitambaa amekifunga hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu." Aliniona nimesimama tu mlangoni, akanihurumia. "Niletee piko."

Piko ni ile rangi nyeusi wanayochorwa maharusi mikononi. Baba mdogo alikuwa nayo tayari. Niliikoroga bakulini, nikamfungua kitambaa, nikaanza kumpaka nywele. Kila kishindo cha nje kilinisimamisha mkono. Rangi ikamchafua masikio na shingo. Nywele ambazo nilizichora daftarini kwa wiki nzima zilikuwa zinapotea chini ya vidole vyangu, na mimi nilikuwa naomba Mungu zipotee haraka.

"Nisamehe, Hawe."

"Paka na nyuma," akasema. "Nyuma ndiko wanakokuona wakikufuata."

Nililala pale, kama ule ulikuwa usingizi. Asubuhi mwenzangu, niliyempigia simu usiku, alifika na kompyuta yake mgongoni, macho yamemvimba. Alipiga magoti mbele ya Hawe akaomba radhi. Kisha akasema twende dukani tukawaonyeshe watu jinsi inavyofanywa.

"Wakitukasirikia?" nikauliza.

"Tumekwisha kuwakasirisha," akajibu.

Tulikwenda. Mwenye duka, mtu mwoga lakini mwenye haki, alikubali kumwaga kibaba cha maharagwe mezani nikampiga picha. Tulipoigeuza, maharagwe yaliruka yakaingia kibabani, na yeye mwenyewe akashika kifua. Tukairudia mbele na nyuma mpaka watu wakasogea. Halafu kijana mmoja, ambaye baadaye baba mdogo aliniambia ni mmoja wa wale watatu, alitaka na yeye. Aliruka kutoka juu ya rundo la mawe ya kujengea. Tukamwonyesha akipaa kinyumenyume hadi juu, na wenzake wakacheka hadi wakainama.

Nilianza kupumua. Ndipo mama mmoja mtu mzima akasema, "Ya maharagwe nimeielewa. Lakini huyo bibi nyie mlimchagua kwa nini yeye?"

Hakuna aliyecheka. Niliinama nikaanza kuokota maharagwe yaliyoanguka chini. Nilimchagua kwa sababu ya nywele zake.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, tulimhamisha Hawe kwa wazazi wangu, huku Kisauni kwenye nyumba za kupanga, ambako hakuna anayemjua. Kazi ya chuo tuliimaliza kwa mikono yetu wenyewe, vidole na vivuli tu, bila uso wa mtu. Mwalimu aliuliza kwa nini tuliacha mpango wa kwanza, nikamwambia haukuwezekana. Tulipita.

Kila zinapochomoza nyeupe mizizini, Hawe huniita, nami huitika abee na kuleta bakuli. Anauliza ni lini atarudi kuchimba mihogo yake, maana imekomaa na itageuka kuni. Juzi baba mdogo alisema jirani ameanza kufunga mbuzi wake ndani ya shamba lile la mihogo, na alipomuuliza, jirani alimjibu kwa upole kabisa kwamba alidhani bibi hatarudi. Habari hiyo hatujampa Hawe. Nimempaka piko, nikamwambia mvua kwanza ipungue.