Picha za Mto za Mzee Kahongya

Mzee Kahongya wa Beni hakuona shule. Alijifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sabuni. Alichopenda duniani, mke wake akiwa amekwisha kuzikwa, ni picha za mito. Si za kamera. Ni zile za karne ya kumi na tisa, ambazo Wazungu walizichora kwenye bamba la shaba kwa sindano na asidi, wakapaka wino, wakagandamiza karatasi. Alizipata moja moja, kwa mapadri waliorudi kwao na wenye mashamba ya kahawa waliokimbia. Majirani walimcheka: "Mzee, huo muto wako hauna hata samaki?"

Iliyo bora ilikuwa ya mto Semuliki: mtumbwi, akina mama na mbuzi wao wakivushwa, wala hakuna mwenye bunduki. Vijana wa siku hizi, waliozaliwa wakakuta vizuizi vya askari njiani, hawaamini kwamba watu waliwahi kuvuka bila kuulizwa wanakwenda wapi. Maneno ya mzee hayawatoshi tena. Basi Kahongya aliwaonyesha picha. Ilikuwa shahidi wake.

Vita viliporudi mara ya pili, askari wakaanza kupekua nyumba za Beni. Akazifunga picha katika kitambaa, akampelekea Kaswera, mjane wa mwanawe, kijijini karibu na Butembo.

"Mwanangu, chunga hizi kuliko nguo zako."

Mvua zilipokwisha akafuata picha zake. Kaswera akapanda kiti jikoni, akashusha furushi kutoka juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu.

"Ona, Baba. Hata mududu moja hapana!"

Kweli, mdudu hakugusa. Moshi ndio uliokula. Karatasi zilikuwa nyeusi kama tako la chungu. Kahongya akaifuta ile ya Semuliki kwa ncha ya shati. Ikamegeka, mtumbwi na vyote.

"Uliziweka kule juu kwa nini?"

"Lakini, Baba, mbegu tunawekaka wapi? Kitu chenye unataka kifike mwaka mwingine, ni pale tu."

Mama yake Kahongya mwenyewe alifanya hivyo hivyo.

Kaswera akatazama vipande, machozi yakamlengalenga. "Unisamehe, Baba. Pale kulikuwa nini?"

Akamweleza: mtumbwi, akina mama, mbuzi, ng'ambo.

"Na baaskari walikuwa upande gani?"

"Baaskari hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Kaswera akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee aliyeanza kuchanganya mambo, akaenda kumwekea bugali.