Presha ya Bibi Njiani Kwenda Rutamba

Safari hii ilitokana na ubishi wa dada wawili. Bibi yangu, Bibi Somoe, tunaishi naye Kilwa Masoko. Mdogo wake, Bibi Zuhura, yuko Rutamba, bara ya Lindi, kwenye mikorosho. Miaka ilipita hawajaonana. Bibi Somoe alikuwa akisema, "Mimi ndiye mkubwa. Mdogo ndiye anayekuja kusalimia." Jibu kutoka Rutamba lilikuwa lile lile: "Magoti yangu hayapandi gari. Aje yeye."

Mwaka huu baada ya Idi, Bibi akalainika, ila kwa sharti. Angekwenda kwa gari lile lile lililomtoa Rutamba alipoolewa na babu. Gari bado lipo: dogo, la buluu, lina pua ndefu, na kwa umri linanizidi mbali. Watoto wa mtaani wanaliita Bibi, nasi nyumbani tumezoea. Mtu akiuliza, "Bibi kaamka?" anataka kujua kama gari limewaka. Mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto ninazo za kutosha mtaa mzima. Kubwa ni kumpamba Bibi maua na kubeba maharusi, na wageni wanaokuja kutazama magofu.

Tatizo ni Mjomba Athumani. Yeye ndiye mwenye kauli juu ya mali ya babu, na alikuwa keshapata mnunuzi wa chuma chakavu. Tulipomwomba gari, alikuna kidevu.

"Sawa, Sele. Likienda Rutamba na kurudi lenyewe, ni lako. Likirudi kwa kamba, linakwenda kwenye mizani. Na sitaki kuona mtu analia."

"Nani alie?" nilisema, nikaenda kuliosha gari.

Asubuhi tuliondoka Masoko. Bibi alikaa mbele, kanga mpya, mkoba mapajani, kikapu cha samaki wakavu nyuma. "Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyotutania wajukuu wa kiume, "leo usinikimbize. Mume mwenzio, babu yako, alinipeleka taratibu."

"Mke wangu, hata nikitaka kukukimbiza, gari halitaki."

Nangurukuru tulinunua maji, tukaingia barabara kuu ya kusini. Nilipima oili mbele ya Bibi ili aone dereva wake si wa kubahatisha. Nilichomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakitazama. Ilikuwa imejaa hadi kuvuka alama. Tena wiki mbili nyuma haikuwa imefika hapo, na sikuwa nimeongeza hata tone. Nilifurahi. Nikamwambia Bibi gari lina baraka, oili haipungui, inaongezeka. Bibi akasema alhamdulillah. Sote wawili hatukujua tunashukuru nini.

Tulipopita Kiranjeranje jua lilikuwa kali na injini imeshika moto. Kila nilipopunguza mwendo kwenye matuta, taa nyekundu ya presha ya oili ilikonyeza, nikikanyaga mafuta inazimika. Nilijifanya sijaona. Mbele kidogo, baada ya daraja la Mbwemkuru, iliwaka ikabaki hapo, na chini ya boneti nikasikia ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi kwa ukucha. Hapo nikazima. Jambo moja nililijua: taa hiyo ikiwaka, ukiendelea kwenda injini inanoki, vyuma vinasagana mpaka inakufa, na injini ya Bibi ikinoki hakuna duka la kwenda kununua nyingine.

Lori la mkaa likasimama. Dereva akatoa kamba. Nikasita.

"Unangoja nini?" Bibi akauliza.

"Mjomba alisema likivutwa kamba..."

"Mjomba wako alisema likirudi kwa kamba. Sisi tunarudi? Sisi tunakwenda. Funga kamba hiyo."

Mchinga tulifika tukivutwa, Bibi akipungia watu mkono kama bibi harusi. Lori lilituacha kwa Fundi Hemedi, mwenye gereji ya mabati kando ya barabara. Kabla sijamsogelea nilimtumia ujumbe binamu yangu Tatu, mjukuu wa Bibi Zuhura, ili wasihangaike na chakula mapema. Niliandika haraka, chaji ya simu iko ukingoni: "Bibi presha imeshuka, tumekwama Mchinga, anaangaliwa. Msitungoje mchana." Nikabonyeza kutuma, simu ikazima.

Fundi Hemedi alizunguka gari mara moja, anatabasamu. "Huyu kaja na babu yangu au na wako? Oili umepima?"

"Imejaa, fundi. Yaani haipungui, inaongezeka."

"Inaongezeka?" Akamgeukia Bibi. "Shikamoo mama. Mjukuu wako anasema injini ina mimba."

"Marahaba. Basi muangalie, kama ni mapacha tujue."

Fundi hakuamini taa kwanza. Alisema taa nayo huweza kudanganya. Akafungua swichi ndogo ya taa hiyo ubavuni mwa injini, pale pale akafunga geji yake ya kupimia presha, yenye mpira mrefu, tukawasha. Injini ilikuwa imepoa kidogo, mshale ukapanda vizuri. Nikaanza kucheka. Injini ilivyopata moto, mshale ukaanza kuteremka polepole, hadi ukalala. Nikaacha kucheka. Fundi akazima.

"Taa ni mkweli," alisema. "Presha ya oili iko chini. Sasa kuna mawili. Ama vyuma vya ndani vimeliwa, mianya imepanuka, oili inapita bila kubanwa. Hapo, ndugu yangu, kumfungua huyu na kupata vipuri vyake ni safari ya peke yake. Ama oili yenyewe ina lake."

Akachomoa kile kijiti, akakinusa, akaninyooshea. Nikanusa. Akampa Bibi.

"Petroli," Bibi akasema.

"Umeona? Oili ya moto inatakiwa iteleze kama uji mwepesi. Hii imekuwa chai ya rangi. Petroli inavuja ndani, ndiyo baraka yako inayoongezeka."

Lakini kama nilikuwa nimechelewa kuzima, vyuma vingekuwa vimeshalika. Fundi akataka kitambaa cheupe. Gereji nzima hakukuwa na kitu cheupe. Bibi akafungua mkoba, akatoa leso nyeupe aliyoidarizi yeye mwenyewe, zawadi ya kumpelekea mdogo wake, akaitazama, akampa. Fundi akamwaga oili kwenye beseni, akaichuja kwa leso, akaitandaza juani. Kama kungekuwa na vumbi la chuma la kumeremeta, habari ya Bibi ingekuwa imekwisha. Tuliinama watatu, vichwa vinagusana. Leso ilikuwa nyeusi tii. Hakuna kilichong'aa.

"Hajaumia," Fundi akasema. Niligeuka kutazama barabara kwa muda. Vumbi lilikuwa jingi, macho yakawa yananiwasha.

Ugonjwa ulikuwa kwenye pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake kuna mpira mwembamba unaopiga juu chini kama kifua. Ulikuwa umechanika, kila pigo petroli kidogo inatiririkia kwenye oili. Fundi alipekua kasha lake la vyuma vizee, akitaja kila gari alikoving'oa kama anasoma majina ya marehemu, mpaka akapata pampu inayofanana, mpira wake mzima. Akauhamishia mpira huo kwenye pampu yetu. Akabadilisha chujio, akatia oili mpya ya uzito unaostahili. Niliomba aweke nzito zaidi ili mshale upande sana. Akakataa: "Unataka kuficha ugonjwa au kuutibu?"

Alasiri tukawasha. Mshale ukapanda. Tukaacha injini ingurume mpaka ikashika moto barabara. Mshale ukashuka nywele moja, ukasimama hapo. Ko, ko, ko haikusikika.

Ndipo pikapu ya magunia ya mihogo ikafunga breki mbele yetu. Juu ya magunia, ameshikiliwa na Tatu, alikuwa Bibi Zuhura. Yule ambaye magoti yake hayapandi gari. Mkono mmoja chupa ya uji, mwingine kifurushi cha chumvi ya kupandisha presha.

"Yuko wapi?" alilia. "Bibi yuko wapi?"

Fundi Hemedi, bila kujua lolote, akapiga boneti kofi. "Bibi huyu hapa! Msihofu, presha imeshapanda."

"Imepanda tena?!" Bibi Zuhura akaachia chumvi.

Bibi Somoe akatoka kivulini, mikono imejaa grisi maana alikuwa anamshikia fundi spana. Wale wazee walitazamana. Tatu alinitazama mimi, nami nikaukumbuka ujumbe wangu, neno kwa neno, nikatamani kuingia chini ya gari.

"Somoe, mzima?"

"Mzima. Aliyeshuka presha ni hili gari. Wewe umepandaje juu kule?"

"Hata sijui. Kushuka ndiyo sitaweza."

Tukamteremsha kwa kumbeba, wote wawili wanacheka na kufutana machozi, grisi ikahamia kwenye mashavu. Kisha Bibi Zuhura akanivuta sikio. "Mume wangu mjinga wewe! Umeniua roho njia nzima." Akanipa uji, wenye chumvi, akasimama hapo mpaka nikamaliza.

Rutamba tuliingia jua linazama, kupitia Lindi, dada wawili kiti cha nyuma wameshikana mikono. Siku tulizokaa tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, na korosho za kuchoma. Kila asubuhi nilichomoa kijiti na kukinusa, na watoto wa Rutamba wakaja kunusa nao kwa foleni.

Kurudi, taa nyekundu iliwaka nilipozungusha ufunguo tu, kisha ikazimika hadi Masoko. Mchinga tulisimama kumsalimia Fundi. Tulipofika nyumbani, Mjomba Athumani alikuwa barazani. Alitazama nyuma ya gari, akatafuta kamba, hakuiona. Badala yake akashuka Bibi Zuhura, ambaye safari hii hakukubali kubaki.

"Athumani, nasikia ulitaka kumuuza Bibi?"

"Shikamoo mama mdogo. Nani? Mimi?" Akanipa kadi ya gari palepale.

Nilichojifunza nimekiandika hapa kwa ajili yenu mnaopenda magari ya zamani. Kujaa si uzima, nusa. Na ukituma ujumbe, andika "gari".

Ingawa hilo la pili, Rutamba hawakulishika. Bibi Zuhura alikaa nasi, akarudi kwake kuvuna. Juzi simu yangu ikalia, ujumbe kutoka kwa Tatu: "Bibi presha imeshuka." Nikamkimbilia Bibi Somoe, nikamsomea polepole. Alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akajifunga kanga, anatabasamu.

"Huyo hajambo, ananiita tu," alisema. "Washa gari, mume wangu."