Kumpeleka Mama Kibara kwa Gari Linalochemsha

Mama mkubwa Nyangeta, dada yake mama, alianguka nyumbani kwake Kibara akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo mama alikuwa ananipigia simu kutoka Butiama kila jioni: "Utanipeleka lini?" Mgongo wake hauwezi basi. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Musoma, na nina gari dogo, kuukuu, ambalo lilikuwa limechemsha mara mbili ndani ya wiki moja. Fundi wa mtaani kwetu alisema gasketi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imekufa, injini ifunguliwe yote. Uwezo huo sikuwa nao. Nikajaza maji madumu mawili, nikaondoka.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka Musoma, jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale wa joto. Mpaka Butiama mshale ulitulia. Mama alikuwa tayari barazani, kibuyu cha maziwa ya mgando mapajani.

"Hilo gari litafika?"

"Litafika, mama."

"Usinidanganye."

"Basi sijui, mama."

Akapanda.

Tulipopita Kiabakari mshale ukaanza kupanda, na punde mvuke ukatoka mbele. Niliegesha kando ya shamba la pamba, nikazima. Rejeta ya moto haifunguliwi, kwa hiyo tulikaa karibu saa nzima tukisubiri ipoe. Mama akasema, "Dada akifa sijamwona, sitalilaumu gari. Nitajilaumu mimi niliyekaa miaka minne bila kwenda."

Rejeta ilipopoa nilifungua mfuniko. Nikaongeza maji, tukaenda polepole.

Bunda tulifika saa nne. Watu wa kituo cha mafuta walituelekeza kwa Fundi Ramadhani, mzee mwembamba mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamweleza habari ya gasketi. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama juani. Akafungua rejeta, akaniambia niwashe injini, akainama kuangalia maji.

"Oili haijachanganyika na maji. Mapovu hakuna. Mwalimu, gasketi yako nzima."

"Sasa linachemsha kwa nini?"

Akanionyesha mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa umepasukapasuka. "Huu haubani tena. Maji yanapotea kidogo kidogo, wewe huoni. Na rejeta yenyewe imejaa vumbi na wadudu, itapoaje? Maji unaangaliaga lini?"

"Likichemsha."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Fundi aliweka mfuniko mpya, akaosha rejeta, akamimina maji maalumu ya kupozea injini. Kazi yote haikufikia nusu ya bei ya tairi moja. Nilipoketi tena kwenye usukani, nilihisi mabega yangu yakishuka.

Saa nane tukaingia Kibara. Mama mkubwa alikuwa kitandani karibu na dirisha. Alipomwona mdogo wake alisema kwa sauti, "Wewe! Nilidhani unasubiri msiba ndio uje!" Mama akacheka huku analia, akapanda kitandani akakaa ubavuni kwake. Wakaongea kikwetu mpaka jua likaanza kulala, sato aliyepikwa kwa ajili yetu akapoa mezani.

Kesho yake tulirudi. Mshale ulikaa katikati njia nzima. Mama, ambaye hasinziagi garini, alilala kutoka Bunda hadi Butiama.

Siku hizi kila Jumamosi, injini ikiwa ya baridi, nafungua boneti na kuangalia maji, oili na mikanda, halafu upepo wa matairi. Dakika kumi. Nimejifunza kwamba ubovu mwingi huanza na kitu kidogo ambacho mtu hakukitazama, na kwamba kabla ya kufungua injini, ni vizuri kumuuliza fundi wa pili.

Mwezi uliopita tulikwenda tena. Mama mkubwa alitupokea mlangoni, amesimama, fimbo mkononi.