Maji ya Kasyoki Yaliyochemshwa Mno

Kasyoki wa Mutuini hakuwahi kumpa mtu maji mabichi. Mama yake, huko Kitui, alimlea akijua kwamba kumpa mgeni maji yasiyochemshwa ni kumdharau. Kwa hiyo alipochimbiwa kisima nyuma ya nyumba zake za kupangisha, alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mafundi wakaacha kazi wakamtazama, kisha akaenda kununua sufuria kubwa.

Binti yake Nzula aliporudi kazini mjini, alimwachia mjukuu, Muindi, mtoto mchanga wa maziwa ya kopo. Kasyoki alikoroga maziwa hayo kwa maji ya kisima yaliyochemka kweli kweli. Alipoona mtoto analegea, alizidisha moto. Angefanya nini kingine, na ndivyo alivyofundishwa?

Alipompeleka kwenye zahanati moja ya Riruta, muuguzi Wangui ndiye aliyeziona kucha. Zilikuwa na rangi ya samawati, na midomo vilevile.

"Cucu, bibi yangu, mtoto anakunywa maji gani?"

"Ya kisima changu. Na nachemsha, daktari. Kabisa."

Wangui hakubishana. Aliita ambulensi, Nzula akaitwa kutoka kazini akaenda na mtoto hospitali kubwa, na Kasyoki akapewa chupa safi apeleke maji yapimwe. "Chota tu vile yalivyo," Wangui alimwambia.

Basi hapo ndipo adabu ilipomponza. Apeleke maji mabichi kwa wasomi wa maabara, wamwone mtu wa namna gani? Akayachemsha.

Valarie wa maabara aliishika chupa akakunja uso. "Mathe, mbona hii chupa iko moto?"

"Nilichemsha kidogo."

Valarie alicheka mpaka akaegemea meza. Alipopima, kicheko kikakata.

"Vijidudu siwezi kukuambia, umeua zote. Lakini kuna kitu ingine haifi na moto. Inaitwa naitreti. Imetoka kwa choo ya shimo, ikaingia kwa kisima. Inafanya damu ya mtoto ishindwe kubeba hewa."

"Na nikichemsha sana?"

"Maji inapungua, hiyo naitreti inabaki. Inakuwa kali zaidi." Valarie aliushika mkono wake. "Hukujua, mama."

Kasyoki alikaa kwenye benchi akalia bila kujificha. Valarie alikuwa ameshapiga simu hospitalini. Madaktari walikuwa wameanza kushuku ni hilo, na sasa wakawa na hakika. Muindi alipewa dawa, na jioni ile midomo yake ikarudi rangi yake. Kasyoki alimshukuru Wangui kwa kutazama vidole, na Valarie kwa kutoitupa chupa ya mzee mkaidi. Na Mungu pia, Kasyoki alimshukuru, ingawa kuhusu kile kisima walikuwa bado na mazungumzo.

Aliporudi nyumbani na Muindi mgongoni, alimkuta mpangaji wake Nasimiyu, mjamzito wa kukaribia kujifungua, ameinua ndoo kutoka kisimani. Kasyoki alimweleza yote, bila kujitetea.

Nasimiyu alisikiliza kwa heshima, kisha akatabasamu. "Pole sana, mama. Lakini yangu usijali, huwa nachemsha mpaka inabaki nusu. Si nimejifunza kwako?"

Kasyoki alimnyang'anya ndoo, akayamwaga maji yote chini.