Drili Iliyoshiba Grisi

Nilipoinunua ile drili ya nyundo nilimshusha muuzaji bei kwa sababu moja tu: ilikuwa kavu. Kazi yangu ni kuuza na kukodisha mashine za mitumba hapa Kitale, upande wa Tuwan, na mashine ikinifikia mkononi naifungua kwanza, maneno baadaye. Ile niliifungua palepale juu ya meza ya mwenyewe, nikapitisha kidole ndani ya silinda, nikamwonyesha.

"Ona hapa bana. Hata grisi ya kulamba hakuna. Mashine imekufa kiu hivi, na wewe unanitajia bei ya mashine nzima?"

"Hiyo ndiyo hali yake, boss. Pale ndani haitaki grisi nyingi."

Nikacheka. Kila kasoro ya mashine, kwa muuzaji, ndiyo hali yake. Nikaigeuza, nikaguna, nikajifanya naondoka, nikarudi. Akashusha. Nikaiweka begani nikiwa nimejaa werevu, na ujinga wa aina ile hauna haraka. Unakungoja mpaka siku yenye watu wengi.

Siku yenyewe ilikuja na matanga ya mama mkwe wangu, kule upande wa Malakisi.

Mimi ni wa Kitale. Wazazi wangu walitoka huko mkoa wa kati wakanunua shamba Trans-Nzoia, nikazaliwa hapa, nikaoa Mbukusu. Mama mkwe wangu hakuwahi kunishika mkono. Hatukuwa na ugomvi hata kidogo. Kwao mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa mbali, na yeye aliniheshimu sana. Nikisikia kikohozi chake nilizunguka upande wa pili wa nyumba. Yeye akinisikia nacheka alivuta leso na kushika njia ya jikoni. Salamu zetu zilipitia kwa mke wangu au kupitia ukutani, na kwa ukuta huo tulielewana kuliko watu wengi ninaokumbatiana nao sokoni.

Alikuwa ameacha ombi moja: alazwe mkono wa kushoto wa mume wake, karibu na dirisha la jiko. Basi watu wakachimba hapo, na kimo cha kiuno wakagonga jiwe. Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alipiga simu.

"Shem, tumefika kwa mwamba. Sululu inaruka tu. Wazee wanasema tumhamishe kule chini kwa ua."

Kule chini kwa ua wamelala wale ambao boma lilikosa mahali pa kuwaweka: mpita njia aliyefia pale zamani, na mtu mmoja ambaye kila ukimuuliza mtu habari zake anabadilisha mazungumzo. Mke wangu alisikia yote, kwa sababu simu yangu haijui kunong'ona. Hakulia. Aliniangalia tu.

"Waambie mama hahamishwi popote," nikasema. "Naleta mashine."

Jioni hiyo niliiandaa drili kama bwana harusi. Niliifungua yote, nikapanga vipande juu ya gazeti, nikavihesabu, nikavihesabu tena. Kila kitu kilikuwepo. Kisha nikaichukua ile silinda kavu nikaijaza grisi ya manjano mpaka ikafura kwenye mdomo. Sikutaka wakwe waone mashine yenye njaa. Nikafunga, nikapangusa, nikaipenda. Kuijaribu sikuijaribu; majirani walikuwa wameanza kulalamikia kelele zangu, nami nikaona nikae nao vizuri.

Kesho yake, Ijumaa, nilifika na gari la kukodi, Probox. Mwili ungetoka mochari jioni, na mazishi yalikuwa Jumamosi kabla jua halijapinduka sana. Hema zilikuwa zimesimama, kwaya ilikuwa inaimba kwa kipaza sauti, na jenereta inanguruma nyuma ya ghala la zamani la kukaushia tumbaku. Nilivaa koti langu jeusi la msiba. Nikaibeba mashine kuelekea kaburini, na hapo senge, shangazi wa mke wangu, akanisimamisha kwa kiganja.

"Mukhwasi," akaniita, yaani mkwe, "hapo ulipo panatosha. Kwa kaburi la mama mkwe, mkwe hasogei."

"Senge, lakini mashine hii hakuna mwingine anayeijua."

"Basi ijulishe kwa mdomo."

Nikapewa kiti kwenye kona ya jiko. Kutoka hapo niliona vichwa vya watu tu, na kaburini alishuka shemeji. Nikamfundisha kwa mdomo na mikono, mbele ya kijiji. Toboa mashimo kwa mstari, halafu mtatia kabari za chuma na kuzigonga kwa nyundo mpaka jiwe lijipasue lenyewe. Shika wima. Bonyeza, kwa sababu isipobonyezwa kwenye jiwe haianzi kupiga. Tukaazima jenereta ya kwaya. Wimbo ukakatika katikati ya neno "mbinguni", na kina mama wote wakanigeukia.

Drili nzuri ikipiga jiwe unaisikia kwenye meno yako. Yangu ilitoa sauti ya kinu cha posho kilichoishiwa mahindi. Nguuuuu. Basi.

"Shem, inazunguka tu!" shemeji akapaza sauti kutoka chini. "Haipigi!"

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

"Bonyeza kama mwanaume bana! Hilo ni jiwe, si keki!"

Watu wakaanza kucheka, kicheko kile cha matangani kinachofichwa kwa kiganja. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Si inalipangusa kwanza." Mwenzake akamjibu, "Hapana, inalisomea. Mashine ya Kitale imeenda shule." Nilihisi masikio yananichoma. Mtu wa biashara yangu anaweza kuchekwa koti, anaweza kuchekwa lafudhi, lakini akichekwa mashine hana pa kujificha.

Nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu barabarani, natoa sauti ya aibu. Nilisimama kwenye kiti nikasema, watu wote wakisikia:

"Umeiangusha."

Kichwa cha shemeji kikatokea. "Nani?"

"Wewe. Wakati mnashuka nayo. Haikutoka Kitale ikiwa hivi. Sema tu umeiangusha, tujue."

Mtu huyo mama yake alikuwa mochari, na tangu asubuhi hakuwa ameketi. Uso wake ulikuwa na vumbi la mwamba mpaka kwenye kope. Alinitazama, akaitazama mashine mikononi mwake kama mtu anayejaribu kukumbuka, kisha akasema polepole:

"Labda iligonga ukingoni. Kama ni hivyo, pole, shem. Pole sana."

Akaniinulia mashine, mtu akaniletea pale jikoni.

Niliifungua nyuma ya jiko, juu ya gunia. Nikahesabu vipande. Vilitimia. Nikahesabu tena, nikitamani kimoja kipungue au kiwe kimevunjika. Hakuna hata kilichokwaruzika. Ndipo nikasukuma pistoni kwa kidole gumba. Ingepaswa kunisukuma nayo, kama pampu ya baiskeli ukiziba mdomo wake. Badala yake grisi ya manjano ikachungulia kwenye vitundu vya silinda, kimoja baada ya kingine, kama minyoo.

Watu wengi hudhani mota ya drili ndiyo inayopiga jiwe. Mota haiujui mwamba kabisa. Inazungusha biti, kile chuma cha kutobolea, na upande mwingine inazungusha krenki, na krenki inapeleka pistoni mbele na nyuma ndani ya silinda. Mbele ya pistoni, ndani ya silinda hiyohiyo, kumelala kipande kizito cha chuma, ukubwa wa betri ya tochi, ambacho hakijafungwa na chochote. Hicho ndicho nyundo yenyewe. Na pistoni haikigusi. Kati ya pistoni na nyundo kuna hewa tu. Pistoni ikirudi, hewa inaivuta nyundo. Pistoni ikienda mbele, hewa inabanwa mpaka inachoka kubanwa, inairusha nyundo ikagonge kitako cha biti, na biti likaume jiwe. Vile vitundu ni pua. Kwa hivyo mashine inavuta pumzi. Nguvu yote ile ya kupasua mwamba inapita kwenye kipande cha hewa ambacho huwezi kukishika.

Nami nilikuwa nimehesabu skrubu, raba, giya na vyuma, mara mbili kila kimoja. Hewa sikuihesabu. Haina namba ya spea, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza bei yake. Niliona nafasi tupu nikaijaza, na nyundo ikalala mle ndani imenata kama nzi kwenye asali.

Waliojua jambo hilo nikawahesabu pia. Mmoja. Nikarudia: mmoja. Ningeweza kupangusa, kufunga na kusema nimetengeneza alichoharibu shemeji. Bei ya uongo huo ilikuwa nzuri sana, na mimi si mtu wa kuacha bei nzuri. Nikaomba mafuta ya taa jikoni. Aliyeyaleta alikuwa senge.

"Hiyo manjano ni nini?"

"Ni grisi, senge. Ilikuwa nyingi kidogo."

"Sikuuliza ni kiasi gani. Nani aliiweka?"

Nikapangusa pistoni ambayo ilikuwa imeshapanguswa. "Mimi."

Akaweka kikopo cha mafuta chini.

"Na aliyefiwa na mama yake ameomba pole ya nini?"

Hakungoja jibu. Nikavua shati la ndani nikasafishia silinda, kwa sababu kitambaa hakikutosha, na koti na shati nikavichafua mikono yote miwili. Nikaacha grisi nyembamba tu, ya kung'aa, kama mafuta usoni mwa mtoto. Nikafunga. Nikampelekea mashine shemeji kupitia kwa mtu, na safari hii mwamba ulilia. Vikombe vya chai vilitetemeka kwenye meza ya hema. Wale wazee wawili waliacha mzaha wakasogeza benchi karibu. Mashimo yakapangana, kabari zikaingia, na kabla ya ng'ombe kurudi jiwe likapasuka kwa mlio mkavu, watu wakapiga makofi kisha wakakumbuka mahali walipo, wakaacha.

Shemeji alipanda juu akiwa mweupe kwa vumbi. Alinishika bega mbele ya watu. "Mashine ya mkwe wetu imemwokoa mama! Niliiharibu, akaitengeneza!" Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikasema, "Ah, kawaida tu." Senge alikuwa amebeba sinia la vikombe. Alipita kati yetu bila kuniangalia.

Jumamosi asubuhi shemeji aliona koti langu limeanikwa kwenye seng'enge, limekakamaa kwa grisi. Akaingia nyumbani, akatoka na koti lake mwenyewe, la kahawia. "Vaa hili. Wakwe wataitwa kusema, huwezi kusimama mbele ya mama na shati tupu." Yeye akabaki na sweta. Mikono ya lile koti ilinifika kwenye vidole, na kila nilipoinua mkono kusalimia mtu nilionekana kama nimeazima hata mkono.

Wakwe tukaitwa. Kwa kawaida mkwe husifu, hushukuru kwa kupewa mke, hutaja alichokuja nacho, anaketi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya aina hiyo. Nikakishika kipaza sauti, nikaliona sanduku, nikaiona ile sweta kwenye safu ya mbele.

"Jana nilisema hapa kwamba shemeji aliiangusha mashine," nikasema. "Hakuiangusha. Ni mimi niliijaza grisi mahali pa hewa, ikashindwa kupumua. Niliona mapema, nikanyamaza. Nilisema uongo mbele yenu, kwa hiyo nauondoa mbele yenu. Mama, nisamehe. Ni hayo."

Hakuna aliyepiga kofi. Nyuma kabisa mtu akasema, "Ati grisi," na mwingine akamnyamazisha. Nilirudi kwenye kiti. Mke wangu alisogeza mkoba wake ili nikae.

Wakati wa kushusha sanduku nilisimama pale senge aliponiweka, kona ya jiko, mgongo wangu umegusa ule ukuta wa salamu. Sikuona ndani ya kaburi. Nilisikia kamba, kisha sanduku likikwaruza kidogo upande mmoja, pale mwamba uliposhindwa kuwa laini. Lakini alikuwa mkono wa kushoto, karibu na dirisha.

Watu walipokuwa wanapanga foleni ya chakula shemeji alinifuata. Nilianza kuvua koti.

"Shem," nikasema, "nilikukosea."

"Jana jioni mama alipoletwa," akasema, akiangalia kaburi, si mimi, "niliketi na yeye peke yangu kidogo. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia, mama, ungekuwa umeshaandaliwa mahali pako mchana, ni mimi niliangusha mashine ya watu." Akakohoa, kikohozi cha mama yake kabisa. "Niliamini. Wewe ndiye mtu wa mashine. Ukisema nimeangusha, si nimeangusha?"

Nilikuwa nimetoa mkono mmoja kwenye koti, mwingine bado umo ndani.

"Rudisha mkono," akasema. "Shati lako limejaa grisi, na wageni bado wako."

Akaenda kuwagawia watu maji ya kunawa.